Kichwa cha Yohana kwenye chaja: maneno ya Kiingereza yaliyogeuka maana

Mtoto wa dada yangu yuko form two, juzi mwalimu kawaambia wakariri Zaburi ya 23 kwa Kiingereza, ile ya kizamani yenye thou na thy, akaja nayo sebuleni anaisoma kwa sauti. Mstari wa kwanza tu akagota. "The Lord is my shepherd, I shall not want." Akaniangalia akasema anko, huyu mbona anamkataa Mungu? Bwana ni mchungaji wangu, sitamtaka. Nikacheka, nikamwambia we soma tu, hiyo ni lugha ya zamani. Jibu la kivivu kabisa na yeye akaliona, maana hakuondoka.

Basi nikachukua Biblia ya Kiswahili, ile ya Muungano ya 1952, nikamfungulia palepale: "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Kumbe want hapo sio kutaka, ni kupungukiwa. Neno lenyewe lililetwa Uingereza na Waviking, wale mabaharia wavamizi wa kaskazini mwa Ulaya, kwao vanta ilikuwa kukosa, kutokuwa na kitu, na Waingereza wakalitumia hivohivo kwa karne na karne. Sasa ukikosa kitu unakihitaji, ukikihitaji unakitamani, neno likawa linateleza taratibu mpaka kwenye miaka ya 1700 ndo maana ya kutaka ikaanza kushika usukani. Na usiwacheke, maana na sisi tunafanya hayohayo. Mhitaji ni maskini, mtu asiye na kitu, lakini kijana akimwandikia binti saa sita usiku "nakuhitaji" hamna anayefikiria msaada wa unga na mafuta ya kula.

Kuna jambo hapa lilinichukua miaka kulielewa. Kwenye Kiingereza cha zamani neno usilolijua sio tatizo, ukikutana na wist au trow unajua kabisa hapa sijui, unauliza mtu au unafungua kamusi. Tatizo ni lile unalolijua. Lipo pale na sura yake ileile ya kila siku, unalipita mbio umeelewa kitu kingine kabisa na huna hata habari kama umepotea. Ila sisi tunaosoma Kiswahili tumebahatika, kwasababu Biblia ya King James ni ya 1611, ya kwetu ni ya juzijuzi tu, na waliotafsiri ya kwetu walifuata maana, hawakufuata sura ya neno la Kiingereza, kwahiyo ukizilaza zote mbili mezani Kiswahili ndo kinakwambia Kiingereza cha 1611 kilikuwa kinasema nini. Hata kama we ni Muislamu, hata kama huna dini, zitumie tu kama kamusi, kazi inafanyika.

Mfano ambao dogo aliupenda kuliko yote ni wa kichwa cha Yohana Mbatizaji. Binti wa Herodia kacheza, mfalme Herode kafurahi, kaambiwa omba chochote, na kwenye Marko 6:25 anasema anataka kichwa cha Yohana "by and by in a charger". Dogo akatoa macho. Kwenye chaja? Ya simu? Fungua Kiswahili: "Nataka unipe sasa hivi katika kombe kichwa cha Yohana Mbatizaji." Kombe, yaani sahani kubwa ya kupakulia, lile sinia la pilau kwenye shughuli. Na ukweli ni kwamba chaja ya simu na sinia la Herode ni ndugu wa damu. Charge asili yake ni kupakia mzigo, kwa Kilatini kupakia kwenye gari la kukokotwa, cargo nayo imetoka humohumo. Sinia linapakiwa nyama, bunduki inapakiwa baruti, umeme ulipokuja nao ukaonekana kama kitu kinachopakiwa, na betri ya simu yako ikiisha unaipakia upya. Neno limetembea kutoka kwenye mkokoteni hadi kwenye soketi ya ukutani bila kuruka hatua hata moja.

Alafu angalia hiyo by and by. Leo Muingereza akikwambia by and by anamaanisha baadaebaadae huko, Mungu akipenda. Mwaka 1611 ilimaanisha papo hapo, ndo maana Kiswahili kimeweka sasa hivi, binti hakuwa anataka kichwa wiki ijayo. Na haiko peke yake. Presently ilikuwa papo hapo, ule mti wa mtini kwenye Mathayo 21:19 "presently" ukanyauka, Kiswahili kinasema "ukanyauka mara". Soon nayo kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa papo hapo. Anon, neno ambalo waigizaji wa Shakespeare wanalisema kila wakiitwa, nalo lilianza kama mara moja likaishia kama subiri kidogo. Yaani Kiingereza kila kikitengeneza neno la haraka, neno linachelewa.

Kwanini? Sababu ni sisi binadamu, hamna siri nyingine. Muulize fundi yeyote suruali yangu iko wapi, atakwambia "njoo sasa hivi". Mpigie dereva boda uliyemuita robo saa iliyopita, "nimeshafika bosi" na nyuma yake unasikia jogoo wa mtaa mwingine. Hapo fundi hajaisahau maana ya sasa hivi, anaitumia kwa kuchelewa, na msikilizaji naye anajifunza kukata punguzo, ukiambiwa sasa hivi unajua ni saa moja, ukiambiwa saa moja unajua ni kesho. Fanya hivo kwa miaka 200 punguzo linakuwa ndo bei yenyewe. Ndo maana siku hizi mtu akitaka kweli inabidi aseme sasa hivi hivi, au sasa hivi sio sasa hivi ya kwako. Sishangai kizazi cha wajukuu zetu wakiikuta sasa hivi kwenye Biblia wakadhani yule binti alikuwa na subira.

Kuna maneno yamegeuka mpaka yameangalia nyuma. Prevent ni mojawapo. Kwenye Wathesalonike wa kwanza 4:15 King James inasema sisi tuliobaki hatuta-prevent wale waliolala. Kuwazuia nini, wasifufuke? Kiswahili: "hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti." Basi. Kwa Kilatini ni kuja mbele, kutangulia, hamna ubaya wowote. Njia ya kutoka kutangulia hadi kuzuia utaielewa vizuri ukifikiria neno letu la kuwahi. Kuwahi ni kufika mapema, umewahi basi, umewahi kazini. Ila ukisema "walikuwa wanataka kutoroka tukawawahi" ushawazuia tayari. Prevent imepita njia hiyohiyo, tofauti yake ni kwamba ilipofika upande wa pili ikavunja daraja, leo huwezi kumwambia Muingereza nita-prevent wewe stendi ukimaanisha ntakutangulia.

Na let ndo kichekesho. Leo ni kuruhusu, lakini Paulo kwenye Warumi 1:13 anasema alipanga mara nyingi kwenda Roma ila "was let hitherto", na Kiswahili kinasema "nikazuiliwa hata sasa". Kinyume kabisa! Hapa neno halikugeuka. Yalikuwa maneno mawili tofauti tangu mwanzo, lætan ya kuachia na lettan ya kuzuia, hii ya pili ni ndugu wa late, kuchelewesha mtu, na kwa jinsi matamshi yalivyosagika yakaja kufanana kama mapacha. Hamlet, kwenye tamthilia ya Shakespeare, anaposema yeyote "that lets me" atamfanya awe mzimu, anamtishia anayemzuia, sio anayemruhusu. Lugha haiwezi kukaa muda mrefu na neno moja lenye maana ya ndio na hapana, ya kuzuia ikafa. Karibu ife yote. Kwenye tenisi mpira wa kuanzisha ukigusa neti refa anaita let, maana yake umezuiwa, rudia. Na ukiwa na pasipoti ya Uingereza fungua ndani, kuna maneno ya kuomba mwenye pasipoti apite "without let or hindrance", sentensi ambayo nchi kadhaa zilizotawaliwa na Mwingereza zimeirithi, Kenya ikiwemo. Kuna watu wamepita nayo airport miaka 20 na hawajawahi kujiuliza kwanini wanaombewa wapite bila kuruhusiwa.

Sasa hii inayofuata mi huwa inaniuma kidogo, kwasababu nimeiona ikitumika kumpiga mtu. Nilikuwa kwenye harusi moja, kanisa silitaji, mhubiri anachanganya Kiingereza na Kiswahili kama ilivyo fasheni, akasoma Petro wa kwanza 3:1 kwamba mume asiyeamini atavutwa "by the conversation of the wives", alafu akamgeukia bibi harusi akaanza kumfundisha jinsi ya kuongea na mume, asipayuke, apunguze sauti, asubiri mzee ashibe. Dakika kumi nzima. Na mstari wenyewe ukiusoma wote unasema mume atavutwa "without the word", yaani bila neno, na huku anavutwa na maongezi? Inawezekanaje? Kiswahili kimeinyoosha: "wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile Neno." Mwenendo. Conversation ya 1611 ni namna mtu anavyoishi na wenzake, kwa Kilatini ni kukaa pamoja, kuzoeana. Maana hiyo ilikuwa pana hadi ikaingia chumbani, mahakama za Uingereza zilikuwa na kesi inaitwa criminal conversation, na sio kesi ya kupiga stori, ni ugoni, mume anamdai fidia mwanaume aliyemkuta na mke wake. Kesi hizo zilifutwa Uingereza mwaka 1857. Bibi harusi wa watu akatoka pale na somo la kunyamaza ambalo halikuwepo kwenye karatasi.

Mengine ya humohumo nayataja haraka. Suffer kwenye "suffer the little children" ni waacheni, sio wateseke. Charity ya Wakorintho ni upendo wala sio michango. Yesu wa miaka 12 hekaluni alikaa katikati ya "doctors", na hakuwa mgonjwa, kwa Kilatini doctor ni mwalimu, Luka wa Kiswahili kasema waalimu na imeisha. Quick ni mzima, aliye hai, ndo maana wanasema the quick and the dead, na zebaki wakaiita quicksilver kwasababu inatembea kama ina roho.

Peculiar nayo tusiipite hivihivi. Waumini wanaitwa "a peculiar people", na nimeshawahi kuona fulana zimeandikwa hivo, vijana wamezivaa kwa fahari kwamba sisi ni watu wa ajabu, wa tofauti. Kiswahili: "watu wa milki ya Mungu". Mali yake mwenyewe. Neno limetoka kwenye peculium ya Warumi, ile mali ndogo ambayo mtumwa au mtoto wa nyumbani aliruhusiwa kuishika kama yake, na peculium yenyewe imetoka kwenye pecu, mifugo. Ng'ombe akawa mali, mali ikawa yangu binafsi, kilicho changu binafsi hakifanani na cha mwenzangu, kisichofanana na cha wengine ni cha ajabu. Alafu cattle ikaja barabara hiyohiyo ila kutokea upande wa pili. Leo ni ng'ombe, zamani ilikuwa mali yoyote ile, ni ndugu wa capital, yaani mtaji, na baadae ndo ikabanwa ikabaki ng'ombe tu. Mtu aliyekulia kwa wafugaji hahitaji kuelezewa hapa, ukimuuliza mzee ana mali kiasi gani hakutajii benki. Sisi wenyewe fedha ni ile madini nyeupe ya mikufu, Yuda alilipwa vipande thelathini vya fedha, leo mtu anasema sina fedha na hafikirii mkufu.

Maneno ya chakula ndo yamebanwa kweli. Meat ilikuwa chakula chochote. Kwenye Mwanzo 1:29 Mungu anawapa watu mimea na matunda alafu King James inasema "to you it shall be for meat", Kiswahili "chakula chenu", na hii nyama ya majani imeshawapa watu kazi ya bure kubishana. Deer alikuwa mnyama yeyote wa porini, Mjerumani mpaka leo Tier ni mnyama tu, na kwenye King Lear, tamthilia nyingine ya Shakespeare, kuna mtu anakula panya na "such small deer", wanyama wadogowadogo, sio swala wa mfukoni. Starve ilikuwa kufa, kwa chochote, baridi, ugonjwa, sasa hivi ni njaa tu.

Na corn. Wanafunzi wa Yesu walipita kwenye "the corn" wakavunja "ears of corn" wakala, na dogo langu, kama mi nilivyokuwa umri wake, kichwani anaona mahindi ya kuchoma yana ndimu na pilipili. Haiwezekani, mahindi yametoka bara la Amerika, hamna mtu wa upande huu wa dunia aliyeyaona kabla ya safari za Columbus za 1492. Corn ni punje, nafaka yoyote, na kwa Uingereza kawaida ilikuwa ngano. Waingereza waliohamia Amerika ndo wakaibandika kwenye zao walilolikuta kule. Kiswahili kinasema masuke, kimekwepa mtego. Ushahidi wa corn kuwa punje uko kabatini kwako kama unanunua nyama ya kopo, corned beef haina punje hata moja ya mahindi, ni nyama iliyowekwa chumvi ya mawe, chumvi yenye punje kubwakubwa. Ila na sisi tusijisifu sana, tunayaita mahindi, tumeyapachika Uhindi kwasababu tuliyaona yakija na bahari, na Uhindi nako yalifika kama mgeni.

Hata wao wametubania letu. Safari kwa Kiswahili ni safari, ukienda Tanga kwenye msiba ni safari, ukienda hospitali ya mkoa ni safari. Kiingereza kimelichukua kwenye karne ya 19 kikaliweka kofia pana na darubini, sasa Mzungu ukimwambia uko safarini anakuuliza umeona simba wangapi.

Kupanda na kushuka kwa sifa nako kuna mambo. Nice, neno ambalo kila mtoto wa nursery analijua, limetoka kwenye Kilatini nescius, asiyejua kitu. Miaka ya 1300 ukimwita mtu nice umemwita mpumbavu. Kutoka hapo likawa mtu wa kujishaua, alafu mtu mwenye kuchaguachagua, mwenye makini kupita kiasi, alafu kitu kilichofanywa kwa umakini, na kwenye miaka ya 1700 ndo likatua kwenye kizuri. Silly imepita ngazi hiyohiyo inashuka. Ilianza kama mwenye heri, aliyebarikiwa, Mjerumani bado anasema selig kwa maana hiyo, likawa asiye na hatia, likawa wa kuonewa huruma, likawa mnyonge, likaishia mjinga. Huwa nawaza yamekutana kwenye ngazi wapi, moja linapanda moja linashuka.

Terrific ilikuwa ya kutisha, toka neno la Kilatini la kuogofya, karne ya 19 ikaanza kuwa sifa. Na hapa simsemi Muingereza, kwasababu mtangazaji wa mpira wa kwetu akisema "goli la hatari", "huyu dogo ni balaa", "pasi ya moto", hamna anayekimbilia mlangoni. Bomba lilikuwa la maji tu kabla halijawa sifa. Tunachukua maneno ya maafa kwasababu maneno ya uzuri yanachuja haraka, zuri likisemwa kwa kila kitu linabaki maji. Ila neno likishapanda hivo kuna wenzake wanaachwa chini, terrible imetoka nyumba moja na terrific na bado ni mbaya mpaka leo, awful na awesome zote ni watoto wa awe, ile hofu ya kumwogopa Mungu, mmoja kashuka mmoja kapaa, na ukiniuliza kwanini huyu na sio yule sina cha kukujibu zaidi ya kwamba watu walizoea hivo.

Sasa tahadhari, maana nikishasema haya kuna mtu atakimbilia kwenye magrupu ya WhatsApp. Kujua maana ya zamani sio kujua maana ya kweli. Ukimwambia mtu shikamoo huna mpango wa kumshika miguu, ingawa ndo inavyosema, na goodbye ilikuwa Mungu awe nanyi lakini asiyeamini Mungu anaisema bila kujikwaa. Maana ya neno ni ile watu wanayoelewana leo, ya jana ni historia yake. Na hiyo history yenyewe, naomba tuachane na ile ya kwamba ni his story, hadithi ya mwanaume, neno ni la Kigiriki, historia, uchunguzi, na Wagiriki hawakuwa na his. News nayo sio North, East, West, South, ni wingi wa new tu, mambo mapya. Na woman sio womb man wala woe man hata kama imehubiriwa kwa kipaza sauti. Ni wifmann. Mann kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa mtu, yeyote, wa kike au wa kiume, na wif ilikuwa mwanamke, awe ameolewa au la. Kwa hiyo midwife, mkunga, mid hapo ni pamoja na, yule anayekuwa pamoja na mwanamke wakati wa kujifungua, ndo maana mkunga mwanaume naye anaitwa midwife bila kukosewa heshima. Girl nayo miaka ya 1300 ilikuwa mtoto tu, wa kiume walimwita knave girl.

Unajuaje ipi kweli ipi ya kutungwa? Kwa karatasi. Mwaka 1857 wasomi wa London waliamua kutengeneza kamusi ambayo kila neno lingeoneshwa na sentensi halisi zenye tarehe, toka linaonekana mara ya kwanza. Hiyo ndo Oxford English Dictionary. Watu wa kawaida walisoma vitabu majumbani, wakikuta neno wanaliandika kwenye kikaratasi na sentensi yake, jina la kitabu na mwaka, wanatuma kwa posta kwa mhariri James Murray, aliyekuwa anavipanga kwenye kibanda cha mabati uani kwake. Mmoja wa waliotuma kwa wingi alikuwa daktari Mmarekani, William Minor, aliyekuwa amefungwa hospitali ya vichaa ya Broadmoor kwa kuua mtu London mwaka 1872. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, Murray akafariki 1915 kazi haijaisha, ikaisha 1928 na sentensi zaidi ya milioni 1.8. Kwahiyo mtu akikuletea maana tamu ya neno, muulize sentensi iko wapi na ya mwaka gani. Akikujibu eti ndo ilivyo, hiyo ni chai.

Tukarudi kwenye zaburi na dogo, akauliza na hizi thou ni za kumheshimu Mungu? Wengi tunadhani hivo. Kumbe thou, au thee, ni wewe, mtu mmoja, na you, au ye, ilikuwa nyinyi. Yohana 3:7 King James inasema "I said unto thee, Ye must be born again", Kiingereza cha leo kimeunganisha yote kuwa you, Kiswahili kimezitunza: "nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili", namwambia wewe, nyinyi wote mzaliwe. Ila kabla hata ya King James nyinyi ilishaanza kutumika kwa mkubwa mmoja kama heshima, na wewe ikabaki ya rafiki, mtoto, mfanyakazi, na Mungu, kwa ule ukaribu. Kumwambia mtu mzima thou ikawa tusi. Mwaka 1603 Walter Raleigh akishtakiwa kwa uhaini, mwendesha mashtaka Edward Coke alimfokea "I thou thee, thou traitor!", yaani nakuita wewe, we msaliti. Jaribu kumwambia baba mkwe "wewe!" alafu uniambie kama Coke alikuwa anatania.

Nikamwambia limebaki neno moja hujaliuliza, na ndo la kwanza kabisa. Lord. Kiingereza cha kale ni hlafweard, hlaf ni mkate, weard ni mlinzi. Mlinzi wa mkate. Huyo ndo bwana, mwenye kulinda chakula cha nyumba, na mwenye mlinzi wa mkate hapungukiwi, japo zaburi yenyewe iliandikwa kwa Kiebrania na haikuwaza mkate wa Kiingereza. Lady ni hlæfdige, mkandaji wa mkate. Dogo akageuka kumwangalia mama yake jikoni, alikuwa na unga hadi kwenye viwiko anakanda wa chapati, hakutujali.

"Na mimi?"

Mdomo umejaa andazi. Nikamwambia na we upo, hlafæta, mla mkate, ndo walivyomwita anayeishi kwa chakula cha mwenye nyumba. Kwenye sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, mwanzoni mwa karne ya 7, ukimuua mla mkate wa mtu wa kawaida unamlipa mwenye nyumba scilling sita, hiyohiyo iliyokuja kuwa shilingi yetu.

Akameza.

"Sita tu?"